Pua Safi za Mwavita

Katika soko la Jabe, mtu anayetaka kichwa cha kondoo ana njia mbili: aende kwa Concilie anayepiga kelele, au aende kwa Mwavita anayenyamaza. Meza zao zinatazamana, katikati hatua sita tu. Concilie huwavuta wateja kwa mikono ya mashati yao, huwaita shemeji, huwaita mkwe, huwaita daktari hata kama ni fundi wa baiskeli. Mwavita hukaa kwenye kigoda chake, shoka magotini, akingoja. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo alivyoamini, na hakuona haya kuisema methali hiyo kwa sauti ya kutosha kuvuka hatua sita.

Na kweli, vichwa vyake vilikuwa vyema. Mwavita alivuka mpaka kutoka Walungu miaka kumi na tisa iliyopita, na katika vitu vichache alivyokuja navyo, kimoja kilikuwa namna ya mama yake ya kuandaa kichwa. Kwao kichwa ni cha mgeni. Mgeni hawekewi kichwa chenye makamasi, sembuse vile vidudu vingine ambavyo mtu mwenye adabu havitaji mezani. Basi kila asubuhi, uani kwake, kabla ya kwenda sokoni, Mwavita alizikata pembe za dume kwa shoka hadi chini kabisa, akachomeka mdomo wa birika kwenye tundu la pembe, akamimina maji moto yenye chumvi na majivu. Maji yalizunguka ndani ya mifupa ya paji la uso, yakatokea puani, na funza wakatoka nayo: wadogo weupe kama punje za mchele, na wakubwa wenye mistari myeusi mgongoni, kumi, kumi na tano, siku mbaya thelathini. Alirudia mara tatu. Funza waliliwa na bata wa jirani. Kichwa kikababuliwa manyoya, kikapanguswa, kikapelekwa mezani kikiwa nadhifu kuliko baadhi ya wanunuzi wake.

Hakuna aliyewahi kumwuliza, wala yeye hakuwahi kumweleza mtu. Kuna usafi wa kutangazwa na kuna usafi wa kufanywa tu. Watu wa Jabe walijua jambo moja: ukipasua kichwa cha Concilie, unaanza kwa kuokota funza, ukipasua cha Mwavita, unaanza kwa kubandika sufuria.

Mwezi wa pili akatokea Annick. Alikuwa msichana mrefu, mwenye miwani ya mviringo na ndoo mbili zenye mifuniko, na koti lake jeupe alilibeba mkononi kwa kuogopa lisishike damu. Mwavita alicheka kuona mtu anabeba koti la kazi ili lisifanye kazi. Annick alikuwa anamaliza masomo ya uzamili wa mifugo chuoni, akabaki na kitabu cha kumalizia, kile wanachokiita memwari.

"Mama, mi niko natafuta funza ya mu pua ya kondoo," alisema. "Kwanza nahesabu ni kondoo ngapi iko nayo. Halafu natuma funza mu laboratwari, banasoma ADN yabo, ile alama ya ukoo mu mwili, tunajua kama ni ukoo moja ao mingi."

"Funza iko na ukoo?"

"Eeh, mama. Hata funza iko na babu yake."

Mwavita alimpenda hapo hapo. Akamwachia amweleze habari ya nzi anayezaa funza hao, ingawa nzi mwenyewe alimjua tangu utotoni. Yule nzi hatui. Anapita mbele ya kondoo, anamrushia watoto wake puani huku akiruka, wakiwa hai tayari, na ndiyo maana mchana wa jua kali kondoo hukusanyika na kuficha pua zao katika manyoya ya wenzao. Watoto wale wanapanda juu, wanakaa kichwani miezi, wananenepa, kisha kondoo anawapiga chafya hadi chini, wakageuke nzi. Mtu yeyote wa Walungu aliyechunga angekwambia hayo bila kuvaa miwani. Ila habari ya babu zao hakuwa ameisikia.

"Tafuta," alimwambia. "Lakini kwangu utachoka bure. Kwa Mwavita pua ni safi."

Annick alicheka, akidhani ni majigambo ya soko. Mpango wake ulikuwa rahisi: vichwa sitini kwa Mwavita, ambaye kondoo wake waliletwa kutoka Walungu na shemeji yake Cirimwami, na vichwa sitini kwa Concilie, ambaye wake walishuka kutoka milima ya Mugamba. Uzi mwekundu kwa wa Walungu, uzi wa kijani kwa wa Mugamba. Alivinunua vizima, akavibeba kwenye ndoo, akavipasua mwenyewe chuoni.

Sasa fikiria. Msichana wa watu, msomi, mgeni, amekuja mwenyewe mezani kwako kuomba kichwa. Mwavita angempa kichwa kichafu? Vichwa vya wateja aliviosha mara tatu. Vya Annick aliviosha mara nne.

Annick aliyaona matundu ya pembe. Aliandika katika daftari lake kwamba pembe ziliondolewa zikauzwe kando, akageuza ukurasa.

Jumatano moja alasiri, miezi mitatu baadaye, Annick alikuja bila ndoo, akikimbia. Alisimama mbele ya meza ya Mwavita akihema, miwani imeteremka puani.

"Mama! Mu vichwa sitini ya Mugamba, funza iko mu arobaini na tatu. Mu sitini ya kwenu, iko mu mbili tu. Mbili!"

"Nilikwambia," Mwavita alisema. Alihisi kifua kinajaa. Alitazama ng'ambo kuona kama Concilie amesikia, na Concilie alikuwa amesikia vizuri sana.

"Ni damu, mama. Mu damu ya kondoo ya Walungu kuko kitu inakataa funza, na babu anaachia mutoto, mutoto anaachia mujukuu. Profeseri Valéry, ule ananisimamia, amefurahi mpaka amesimama juu ya kiti. Kuko kikundi ya wafugaji mu Mugamba banataka kubadilisha madume yabo yote, bachukue ya kwenu. Natetea memwari yangu Ijumaa. Lazima ukuye, mama. Nimekuandika mu ukurasa ya kwanza, pale pa kushukuru."

Annick alimkumbatia, na shoka, na aproni yenye damu, akaondoka mbio kama alivyokuja. Koti jeupe safari hii lilishika doa na hakuliangalia.

Mwavita alibaki amekaa. Kwa muda alifurahi kabisa, nisimsingizie. Kisha neno moja likamrudia. Damu. Damu gani? Kondoo wa Walungu alikuwa na funza sawa na kondoo yeyote aliyewahi kuvuta pumzi. Tofauti ilikuwa birika. Na yeye ndiye aliyelishika.

Cirimwami alifika kabla hajamaliza kuwaza, kofia imeinamishwa upande mmoja. Alikuwa ameoa mdogo wake Mwavita, alikuwa mkarimu na mwenye maneno, na habari zilikuwa zimemfikia mapema kuliko mvua.

"Shemeji! Madume makumi tatu banataka! Mi nalala Gatumba ku mpaka leo, kesho navuka kuyatafuta."

"Cirimwami, ile kondoo yako iko na funza."

"Iko nayo wapi? Msomi amesema apana."

Mwavita alimweleza yote, maji, majivu, mara tatu na mara nne. Cirimwami alisikiliza, akavua kofia, akaivaa tena ikiwa imenyooka.

"Nani anajua?"

"Mi."

"Basi shemeji, mutu akikusifu, utabishana naye? We ulisema uongo? Apana. Ulinyamaza. Kunyamaza si dhambi. Acha mambo iende."

Maneno yale yalikuwa matamu, na Mwavita alilala nayo. Katika kunyamaza alikuwa bingwa. Jina lake lingepanda, shemeji yake angefanya biashara, binti wa watu angepata shahada yake, na heshima ya kondoo wa Walungu ingefika hata maofisini Rohero. Nani angeumia?

Alhamisi asubuhi alimjua wa kuumia. Concilie alivuka hatua sita. Katika miaka yote ya kutazamana hakuwahi kuzivuka ila kuja kugombana, na siku hiyo hakuja kugombana. Alisimama, mikono imefichwa chini ya kitenge.

"Jirani, mama yangu kule Mugamba iko na kondoo kumi na moja. Ndiyo mali yake yote. Jumapili anauzisha zote, achukue madume mbili ya kwenu na majike kidogo, aanze mupya. Bamemwambia yake ni damu mubaya." Akaisogelea meza. "Mi nakutukana kila siku, najua. Lakini nambie kweli kama unaambia dada yako. Ni damu?"

Kama angeuliza kwa kelele, Mwavita angemjibu kwa methali. Aliuliza polepole. Mwavita akaona kikongwe asiyemjua akifungua zizi, kondoo kumi na mmoja wakitoka, na sababu yake ikiwa ni birika la Jabe. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayoanzia masikioni.

"Niuzie kichwa kimoja," alisema.

"Weye? Kichwa yangu?"

"Kimoja. Ya dume. Usikiguse."

Alikwenda nacho nyumbani. Akakikata pembe kile cha Mugamba, akakiosha mara nne, vizuri kabisa, kwa namna ya mama yake. Kisha akachukua kimoja cha Cirimwami, akakata pembe, na hakukimiminia hata tone. Hili lilimgharimu kuliko la kwanza. Akakifunga cha Mugamba uzi wa kijani na cha Walungu uzi mwekundu, akavitia ndooni, akapanda pikipiki hadi chuoni.

Maabara ya Annick ilikuwa chumba kimoja chenye meza ya vigae na harufu ya dawa. Annick alikuwa anapiga pasi gauni lake la kesho juu ya meza ileile ya kupasulia.

"Pasua hivi, mutoto yangu," Mwavita alisema. "Sasa hivi."

Annick alicheka, lakini akavaa glavu. Alipasua chenye uzi wa kijani. Alichungulia kila tundu na kila mkunjo kwa kijiti na tochi. Hakuna kitu. Akapasua chenye uzi mwekundu, na funza wakamiminika kwenye trei, wanene, wenye mistari, wakijinyonga. Akawahesabu kwa midomo. Kumi na saba.

"Mama, umekosea nyuzi."

"Sikukosea. Ile ya kijani nimeiosha. Ile ya rangi nyekundu sikuosha. Zile sitini nilikupa, nilikuwa naosha zote kwanza." Akamwonyesha tundu la pembe. "Maji inaingia huku, funza inatokea kule. Miaka kumi na tisa."

Annick alikaa juu ya ndoo. Miwani ilifanya ukungu, akaivua, na bila miwani alionekana mtoto mdogo.

"Juu ya nini hukunambia?"

"Hukuniuliza. Tena ulikuwa mugeni. Mugeni napatia kichwa chafu?"

"Mi nilikuwa nataka ule uchafu, mama! Ndiyo kazi yangu!" Alilia kwa hasira, akipiga meza, na trei ikaruka na funza wakatawanyika. "Ni kesho! Mama yangu ameshaleta kreti za Fanta! Nimeandika kurasa makumi nane juu ya damu, na ilikuwa maji moto!"

Mwavita hakujitetea tena. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na pole hakuja kuitafuta. Alipiga magoti sakafuni, akaanza kuokota funza mmoja mmoja kwa vidole, akiwarudisha kwenye trei. Alimhurumia yule binti. Lakini hakujuta kuja. Alipomaliza aliwahesabu, wakawa kumi na saba, akaisukuma trei mbele ya Annick.

"Babu yabo bado hujamujua," alisema. "Kama hii iko moja na ya Mugamba, sema. Kama si moja, sema. Lakini damu ya kondoo, acha."

Aliporudi sokoni alikwenda moja kwa moja kwa Concilie, akamwaga mtama wote. "Mwambie mama yako asiuzishe hata moja. Si damu. Ni mi naosha." Mwavita akageuka akarudi kwenye kigoda chake, akijua fika amemkabidhi mshindani wake kisu kikali kuliko vyote sokoni. Kilichobaki ni Concilie kuamua lini ataanza kupiga kelele.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Ndugu za Annick walikaa mstari wa mbele na mavazi ya harusi, kreti zimepangwa ukutani. Mwavita alivaa kitenge chake cha Pasaka akakaa katikati, si nyuma. Aliona Annick akisimama mbele ya jopo la wahadhiri watatu, uso umevimba kidogo, sauti imenyooka. Maji aliyoyavulia nguo, binti yule alikuwa ameamua kuyaoga. Alieleza kwa Kifaransa, na Mwavita alishika maneno machache, lakini alijua alipofika kwenye birika, kwa sababu ukumbi mzima uligeuka kumtazama.

Profesa Valéry, mzee mfupi mwenye tai pana, aliacha Kifaransa chake. "Mama, ni kweli?"

Mwavita akasimama. "Ni kweli."

"Hakuna mutu angejua. Juu ya nini umesema?"

"Profeseri, miaka kumi na tisa mi naamka, nawasha moto, nachota maji, naosha pua. Leo munasema usafi ni ya damu ya kondoo. Kondoo alifanya nini? Alikufa tu." Ukumbi ulicheka, yeye hakucheka. "Ile kazi ni yangu. Na kuko mama mumoja Mugamba alikuwa anauzisha kondoo zake juu ya kazi yangu. Iyo siwezi kubali."

Profesa aliandika kitu, akafuta, akaandika tena. Jopo lilitoka, likarudi. Memwari haikupokelewa. Annick alipewa miezi sita kuhesabu upya, vichwa sitini na sitini. Mama yake Annick alimtazama Mwavita jicho ambalo hakulisahau, kisha akafungua Fanta ya kwanza, maana wageni walikuwa wameshakuja.

Nikwambie na mwisho wa hesabu kabisa, ili usikae unauliza. Mara ya pili Walungu ilipata arobaini na moja katika sitini, Mugamba arobaini na nne. Na majibu ya ADN yaliporudi, funza wa pande zote mbili walikuwa wamechanganyikana koo zao hivi kwamba hakuna mtu angeweza kusema huyu wa huku, huyu wa kule. Nzi hakuwahi kupita Gatumba kuonyesha kitambulisho. Cirimwami alinuna wiki mbili, akarudi kuleta kondoo wa kuchinjwa kama zamani. Lakini hayo ni ya baadaye.

Siku ya Ijumaa ileile, ukumbi ukimwagika nje, Annick alimfuata Mwavita mlangoni. Hakumkumbatia.

"Jumatatu naanza tena. Kwako. Safari hii usikioshe, na kisipite mu mukono ingine. Utakipasua mbele yangu, pale pale ku meza."

"Mbele ya bateja?"

"Mbele ya bateja, mama."

Mwavita, aliyesimama mbele ya wahadhiri watatu bila kupepesa, sasa alianza kupiga hesabu. Miezi sita. Jina la miaka kumi na tisa.

"Kuya mapema," alisema.

Jumatatu aliweka kichwa cha kwanza mezani kama kilivyotoka kwa mchinjaji, pembe zake, makamasi yake. Annick alisimama kando na trei na daftari. Ng'ambo ya pili Concilie alikuwa ameanza kazi tangu asubuhi, shemeji huyu, mkwe yule, na Mwavita alikuwa anasubiri lile neno la birika litoke. Badala yake alifika Herménégilde, mwalimu mstaafu, ambaye kila Jumatatu kwa miaka kumi na moja alinunua kichwa kimoja, kwa Mwavita tu.

"Nipatie ile yangu," alisema.

"Ngoja kidogo, mwalimu."

Shoka likashuka. Kichwa kikafunguka, na funza wakaanguka juu ya trei, mmoja akabingirika hadi kwenye mkono wa shati la mwalimu. Annick alihesabu kwa sauti, kama alivyotakiwa na jopo. Kumi na wanne. Watu waliokuwa wakipita wakasimama.

Mwalimu alikung'uta mkono wake. Aliwatazama funza, akamtazama Mwavita. "Hata weye," alisema, akageuka, akavuka hatua sita.

Concilie alimwona akija. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amemwita mteja yule kwa kila jina la ukoo alilolijua, na sasa alikuja mwenyewe, na miguu yake. Mbele ya Concilie vichwa saba vilikuwa vimepangwa mstari, macho wazi, kila kimoja kikimtazama mwalimu.

Concilie alivifunika kwa kitenge chake, akakaa.

"Bimeisha, mwalimu," alisema. "Rudi kwa Mwavita."